Goma na Gisenyi: kwa nini anayevuka mpaka kila siku achunguzwe kama mgeni?

Marekani, Kanada na Meksiko zina utaratibu ambao msafiri wa mara kwa mara huomba achunguzwe mara moja, kwa kina, kisha hupewa kadi ya kupita mpakani kwa haraka kwa muda wa miaka mitano. Huitwa mipango ya wasafiri wanaoaminiwa. Afisa wa mpaka hapotezi dakika zake kwa mtu ambaye serikali inamjua tayari, na muda unaobaki anautumia kumtazama vizuri asiyejulikana.

Mashariki mwa DRC, ni vigumu kumpata msafiri anayejulikana mpakani kuliko mama mchuuzi wa Goma. Anavuka asubuhi kwenda Gisenyi, anarudi na nyanya, maziwa au viazi, na wengine wanavuka tena mara mbili au tatu kabla ya jioni. Maafisa wa pande zote mbili wanaijua sura yake na beseni lake. Hata hivyo, kila asubuhi anapanga foleni, anaonyesha karatasi, anaulizwa maswali yale yale, na mara nyingi anatoa kitu kidogo ili apite, kana kwamba hajawahi kuonekana hapo.

Je, mpango kama huo wa Amerika Kaskazini unaweza kumsaidia? Ukitazama kwa makini, mitambo na kadi ndiyo sehemu nyepesi. Vizito ni vikwazo vitatu: kitambulisho, wingi wa wanaotoza pesa mpakani, na uhusiano kati ya Kinshasa na Kigali. Tena kuna hatari moja isiyosemwa sana: katika eneo la vita, orodha ya watu wanaovuka mpaka inaweza kutumiwa dhidi ya watu hao hao.

Namna mipango hii inavyofanya kazi

Mpango wa SENTRI, kwenye mpaka wa Marekani na Meksiko, ulianza mwaka 1995 katika kituo cha Otay Mesa, jimbo la California. NEXUS, kati ya Marekani na Kanada, ulifuata mwanzoni mwa miaka ya 2000. Global Entry, unaowahusu hasa wanaoingia Marekani kwa ndege, ulianza 2008. Tangu Oktoba 2024, ada ya mipango yote mitatu ni dola 120 kwa miaka mitano.

Mwombaji anajaza fomu, kisha serikali inatazama kama amewahi kuhukumiwa kwa uhalifu au kuvunja sheria za forodha. Anachukuliwa alama za vidole na picha, halafu anafanyiwa mahojiano ana kwa ana. Akikubaliwa, anapata njia yake ya pekee. Kwenye SENTRI, hata gari lake lazima liandikishwe. Kwenye njia ya NEXUS, abiria wote waliomo ndani ya gari lazima wawe wanachama. Mmoja asipokuwa nayo kadi, gari zima linarudi kwenye foleni ya kawaida.

Kadi hiyo haimwondolei mtu ukaguzi. Afisa anaweza kumsimamisha mwanachama wakati wowote na kupekua mizigo yake. Mwanachama akipatikana na kitu ambacho hakukitangaza, hata kama ni matunda tu, anaweza kufutwa kwenye mpango. Nguvu ya utaratibu huu iko hapo: anayeaminiwa ana kitu cha kupoteza, kwa hiyo anajilinda mwenyewe.

Jambo lingine la kuzingatia ni kwamba NEXUS inaendeshwa na nchi mbili kwa pamoja. Kila nchi inamchunguza mwombaji kwa upande wake. Marekani ikikubali na Kanada ikikataa, mwombaji hapati kadi.

Wazo ambalo Maziwa Makuu inalijua tangu zamani

Goma na Gisenyi ni miji miwili iliyoshikana. Mahali pengine mpaka ni barabara tu, nyumba za upande mmoja zikitazamana na za upande wa pili. Kando ya Ziwa Kivu kuna Grande Barrière, inayotumiwa zaidi na magari. Juu kidogo kuna Petite Barrière, mpaka wa watembea kwa miguu. Kabla ya ugonjwa wa korona, makumi ya elfu ya watu walikuwa wakivuka hapo kila siku, na kuufanya kuwa mmoja wa mipaka yenye watu wengi zaidi barani Afrika.

Kutoka Gisenyi kunaingia mboga, nyanya, viazi, maziwa na nyama. Kutoka Goma kunatoka vitenge, viatu, mafuta ya kujipaka na bidhaa nyingine za dukani. Wachuuzi wengi ni wanawake. Watu wenye ulemavu nao wana nafasi yao katika biashara hii, wakipitisha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Wakaaji wengine wanavuka kwa sababu ya shule, kazi, matibabu au ndoa.

Tarehe 20 Septemba 1976, Zaire ya wakati huo, Rwanda na Burundi ziliunda jumuiya ya uchumi ya CEPGL, na makao yake yakawekwa hapo hapo Gisenyi. Kibali cha CEPGL kikawa hati ya kusafiria ya wakaaji wa nchi hizo tatu. Kwa wasio na kibali hicho, kukawa na jetoni, kijikaratasi kinachompa mkaaji wa karibu ruhusa ya kwenda na kurudi siku ile ile. Kwa hiyo, kumrahisishia jirani njia si wazo lililoletwa na Wazungu wala na makampuni ya teknolojia.

Tofauti ni moja, lakini ni kubwa. Jetoni haina kumbukumbu. Mama aliyevuka kwa miaka 10 bila kosa lolote na mtu aliyefika Goma jana wanashika kijikaratasi cha aina moja. Ikifika jioni, kimeisha kazi, na kesho kila mmoja anaanza upya. Uaminifu ambao mama huyo ameujenga kwa miaka haukuandikwa popote. Upo kichwani mwa afisa anayemfahamu, na afisa huyo akihamishwa, unaondoka naye.

Kikwazo cha kwanza: wewe ni nani?

Mpango wowote wa kumwamini msafiri unaanza na swali la kitambulisho. Rwanda inawapa raia wake kitambulisho cha taifa kinachosomwa kwa kompyuta. Tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kutembeleana kwa kuonyesha vitambulisho vyao vya taifa tu, bila pasipoti.

DRC ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022 na ikawa mwanachama kamili Julai mwaka ule ule. Lakini Mkongomani wa kawaida hana cha kuonyesha kinacholingana na kitambulisho cha Mnyarwanda au cha Mkenya. Sensa ya mwisho ya watu nchini ilifanyika 1984. Kwa miaka mingi, kadi ya mpiga kura ndiyo imeshika nafasi ya kitambulisho, na inatolewa tu wakati uchaguzi unapokaribia. Anayeipoteza katikati, au anayefikisha miaka 18 baada ya uandikishaji kufungwa, anabaki anahangaika. Juni 2023, Rais Félix Tshisekedi alizindua kitambulisho kipya cha taifa, lakini mradi huo haukuwafikia wananchi walio wengi.

Pasipoti nayo haikuwa jibu. Mwaka 2015 bei yake iliwekwa dola 185, moja ya bei za juu kabisa duniani wakati huo, kabla ya kushushwa baadaye. Mchuuzi ambaye mtaji wake wote huenda usifike kiasi hicho hawezi kununua pasipoti ili akalete ndoo mbili za nyanya.

Matokeo yake ni kwamba Mkongomani anafika mpakani akiwa dhaifu kuliko jirani yake, hata kabla ya kufungua mdomo. Karatasi yake inaweza kubishaniwa. Na penye karatasi ya kubishaniwa, panazaliwa mazungumzo ya pesa.

Kikwazo cha pili: wanaotoza ni wengi

Amri ya serikali namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne tu zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani mwa DRC: uhamiaji, forodha, ofisi ya udhibiti wa bidhaa OCC, na usafi wa mipakani. Amri hiyo haijafutwa vichwani mwa wafanyabiashara. Wanaitaja mara kwa mara wanapolalamika. Wanachokiona kila siku ni kingine: meza nyingi zaidi ya nne, kila moja na daftari lake, na watu wasio na sare wala beji wanaodai malipo yasiyo na risiti.

Utafiti wa Benki ya Dunia uliochapishwa 2011 juu ya wanawake wafanyabiashara wa mipakani katika Maziwa Makuu ulieleza hali hiyo kinaganaga: malipo yasiyo ya kisheria, matusi, kunyang'anywa bidhaa, na hata unyanyasaji wa kingono. Mwaka 2015, Benki hiyo ilipitisha mradi wa kurahisisha biashara katika kanda, ukiwa na sehemu ya kujenga vituo vya mpakani na sehemu ya kubadilisha mwenendo wa maafisa. Majengo ni rahisi kuyaonyesha kwenye picha. Mwenendo unachukua muda mrefu zaidi.

COMESA, ambayo DRC na Rwanda zote ni wanachama wake, ilileta utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zilizomo katika orodha ya pamoja, zikiwa na thamani isiyozidi kikomo kilichowekwa, hazitozwi ushuru wa forodha, na fomu yake ni fupi. Hilo ni jambo jema. Lakini ushuru wa forodha ni sehemu moja tu ya kile mchuuzi anachotoa. Fomu ya COMESA haizuii mkono wa yule anayedai pesa ya usafi, ya kupakua, ya kamba iliyofungwa vibaya, au ya kuchelewa. Na mchuuzi asiyeijua orodha hiyo, kwa sababu haikubandikwa ukutani kwa lugha anayoisoma, hawezi kudai haki iliyomo.

Hapa ndipo njia ya haraka inapogusa matumbo ya watu. Foleni ndefu ina wanaoishi kwayo. Anayekimbizana na saa ya soko, mwenye maziwa yatakayoganda au samaki watakaoharibika, yuko tayari kulipa ili asisubiri. Ukimpa kadi inayompitisha kwa dakika mbili, umemnyima mtu mwingine kipato cha kila siku. Ndiyo maana mpango kama huu, ukiachiwa huduma zile zile bila usimamizi wa juu, unaweza kugeuka biashara mpya. Kadi ya haraka inakuwa na bei rasmi na bei ya chini ya meza, na anayeshindwa kununua anarudishwa kwenye foleni iliyofanywa ndefu makusudi.

Kikwazo cha tatu: siasa ya nchi mbili

Hata kwenye nchi tajiri zenye urafiki wa muda mrefu, mipango hii imewahi kukwama kwa sababu zisizomhusu msafiri.

Februari 2020, serikali ya Marekani iliwazuia wakaaji wote wa jimbo la New York kujiunga na Global Entry na mipango mingine ya aina hiyo, au kuongeza muda wa kadi zao. Sababu ilikuwa mvutano juu ya sheria ya jimbo hilo iliyowaruhusu wahamiaji wasio na hati kupata leseni ya udereva. Mamilioni ya watu wasio na kosa walinyimwa nafasi kwa sababu ya anwani zao tu. Julai mwaka ule ule zuio liliondolewa, baada ya serikali kukiri mahakamani kwamba baadhi ya maelezo iliyoyatoa kulitetea hayakuwa sahihi.

Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya NEXUS. Vituo vya mahojiano vilivyoko Kanada vilibaki vimefungwa kwa muda mrefu baada ya korona, kwa sababu nchi mbili hazikuelewana juu ya silaha za maafisa wa Marekani na kinga yao ya kisheria wakiwa kwenye ardhi ya Kanada. Maombi zaidi ya 300,000 yalirundikana. Suluhisho lilipatikana 2023: mwombaji akafanya mahojiano mawili, kila nchi kwa wakati na mahali pake.

Ikiwa Marekani na Kanada zilishindana kiasi hicho juu ya meza ya mahojiano, msomaji wa Goma anajua mwenyewe hali ilivyo kwake. Tarehe 17 Juni 2022, mwanajeshi wa Kongo aliuawa kwa risasi kwenye Petite Barrière baada ya kuvuka na kuwafyatulia risasi walinzi wa upande wa Rwanda. Mpaka ulifungwa siku hiyo, na baadaye upande wa Kongo ukaanza kuufunga saa tisa alasiri. Mchuuzi ambaye hakuwa na habari na ugomvi wa majeshi alipoteza nusu ya siku yake ya kazi.

Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa AFC/M23 waliuteka mji wa Goma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba Rwanda inawaunga mkono waasi hao, Kigali inakanusha. Tangu hapo, upande wa Goma wa mpaka haumo mikononi mwa serikali ya Kinshasa. Benki za mji zilipofungwa, wakaaji wengi wakaanza kuvuka hadi Gisenyi kutafuta pesa zao. Mpaka ukawa mlango wa riziki kuliko ulivyokuwa kabla.

Sasa, kadi ya msafiri anayeaminiwa ingetolewa na nani? Kadi yenye muhuri wa Kinshasa haina anayeitekeleza Petite Barrière. Kadi yenye muhuri wa waliouteka mji haitambuliwi na Kinshasa, na kesho inaweza kumletea mwenye nayo mashitaka. NEXUS inasimama kwa sababu kuna saini mbili zinazoheshimiana. Goma, saini ya pili ndiyo yenyewe inayopiganiwa.

Tarehe 27 Juni 2025, DRC na Rwanda zilitia saini mkataba wa amani mjini Washington, ambao ndani yake mna ahadi ya ushirikiano wa kiuchumi katika kanda. Mazungumzo juu ya ushirikiano huo yanatawaliwa na madini, umeme na barabara. Mchuuzi wa beseni hajatajwa sana, ingawa yeye alianza ushirikiano huo kabla ya mawaziri.

Afya: pale ambapo kumjua msafiri kunaokoa maisha

Tarehe 14 Julai 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa Goma. Tarehe 1 Agosti, Rwanda ilifunga mpaka kwa saa kadhaa, kisha ikaufungua. Kazi ya kupima joto na kunawisha mikono iliendelea, watu wakapita kwa maelfu, na Gisenyi haikupata mlipuko. Funzo lilikuwa wazi: kuchunguza watu wakiwa njiani kuliwezekana bila kuwafungia riziki, na kufunga kabisa kungewasukuma kwenye vichochoro visivyo na kipima joto.

Machi 2020, korona ilipofika, mipaka ilifungwa kwa watembea kwa miguu huku malori ya bidhaa yakiruhusiwa. Wachuuzi walilazimika kuungana, wakakusanya bidhaa zao katika shehena moja na kuzivusha kwa pamoja. Baadhi walifaulu. Wengi waliokuwa na mtaji mdogo kabisa waliumaliza kwa chakula cha nyumbani.

Katika nyakati hizo mbili, mpango wa wasafiri wanaojulikana ungekuwa na faida halisi. Anayevuka kila siku angeweza kupewa mafunzo, kufuatiliwa afya yake na kuitwa haraka iwapo amekutana na mgonjwa. Hilo linahitaji aamini kwamba jina lake linaandikwa kwa ajili ya kumlinda.

Kasumbalesa: foleni ya aina nyingine

Kusini, kwenye mpaka na Zambia, tatizo lina sura tofauti. Kasumbalesa ni njia ya malori yanayobeba shaba na kobalti kutoka Haut-Katanga na Lualaba, na yanayoingiza mafuta, mahindi na kemikali za migodini. Dereva anaweza kulala siku kadhaa kwenye foleni, akiwa hana choo wala usalama.

Kwa malori, mipango ya kuaminiana ni rahisi kidogo kuliko kwa watu, kwa sababu kampuni ina hesabu zinazoweza kukaguliwa. Marekani ina mpango uitwao FAST kwa madereva wa malori wanaotoka Kanada na Meksiko: dereva anachunguzwa, na kampuni inayobeba mizigo nayo inachunguzwa. Karibu nasi, Zambia na Zimbabwe zilifungua mwaka 2009 kituo cha pamoja cha Chirundu, cha kwanza cha aina yake Afrika, ambapo gari linakaguliwa mara moja badala ya mara mbili.

Lakini kuna onyo. Mipango ya makampuni inapotangulia na ya watu wadogo ikaachwa nyuma, mpaka unapata ngazi mbili: shaba inapita, mama mwenye unga wa mahindi anasubiri. Serikali inayotaka mapato itavutiwa na ngazi ya kwanza. Wapiga kura wengi wako kwenye ya pili.

Orodha inaweza kuua

Mpango wa wasafiri wanaoaminiwa unakusanya majina, picha, alama za vidole, anwani na saa za kuvuka. Kule Kanada, anayeogopa orodha hiyo anaogopa hasa usiri wake wa binafsi. Kivu, hofu ni nzito zaidi. Mji ukibadilisha mikono, daftari linabadilisha mikono pia. Mtu aliyevuka kwenda Rwanda mara mbili kwa siku kwa miaka mitano anaweza kuitwa mpelelezi na upande mmoja. Aliyeacha kuvuka tarehe fulani anaweza kuulizwa na upande mwingine alikuwa wapi. Katika eneo ambalo watu wameuawa kwa sababu ya lugha wanayoongea au kabila wanalodhaniwa, hili si jambo la kulichukulia kwa wepesi.

Kwa sababu hiyo, mfumo wa huku hauwezi kunakiliwa kutoka Otay Mesa. Unapaswa kukusanya machache kabisa: kwamba mwenye kadi ndiye mwenyewe, na kwamba hana kosa la mpakani. Kabila lisiandikwe. Saa za kuvuka zisihifadhiwe baada ya muda mfupi. Kadi inaweza kubeba habari ndani yake yenyewe, isomwe na mashine pale mpakani bila kutuma chochote kwenye hifadhi moja kubwa inayoweza kutekwa pamoja na jengo.

Yanayowezekana kuanza sasa

Mpango kamili wa nchi mbili utasubiri amani. Kuna hatua ndogo ambazo hazihitaji kusubiri, na yeyote anayeshika mpaka anaweza kudaiwa azitekeleze.

Ya kwanza ni kubandika wazi, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, orodha ya huduma zinazoruhusiwa, malipo halali na bidhaa zisizotozwa ushuru. Malipo yasiyo na risiti yasihesabiwe kuwa malipo.

Ya pili ni njia ya pekee kwa wabeba mizigo midogo, wajawazito, wazee na watu wenye ulemavu. Hii haihitaji kompyuta. Inahitaji kamba, kibao na afisa anayesimamiwa.

Ya tatu ni kuzitumia jumuiya za wachuuzi. Zinawajua wanachama wao kuliko ofisi yoyote: nani anaishi wapi, nani anauza nini, nani alianza lini. Mchuuzi aliyethibitishwa na jumuiya yake, na asiye na kosa kwa mwaka mmoja, apewe kadi ya miezi 12 badala ya jetoni ya siku moja, kwa bei isiyozidi gharama ya kuichapisha. Akivunja sheria, anaipoteza. Ndivyo miaka yake ya kuvuka bila kosa ingeanza kuhesabika mahali fulani.

Ya nne ni haki ya kukata rufaa. Anayenyimwa au kunyang'anywa kadi aambiwe sababu kwa maandishi, na awe na mahali pa kupeleka malalamiko ambapo aliyemnyang'anya hakai mezani.

Ya tano ni saa za kufungua. Kadi ya haraka haina maana ikiwa mpaka unafungwa kabla soko halijaisha. Pande mbili zikubaliane saa, na zitangaze mabadiliko mapema, ili mtu asikutwe upande wa pili akiwa na maziwa na mtoto wa kunyonyesha aliyebaki nyumbani.

Kinshasa, Kigali na jumuiya za kanda watakapokaa kuzungumza juu ya mipaka ya kisasa, wataonyeshwa mashine nyingi zinazosoma macho na vidole. Kipimo cha kuzitathmini kipo tayari, tena ni chepesi: mama anayetoka Petite Barrière na beseni lake kichwani amebaki na faranga ngapi, na amefika sokoni saa ngapi. Mashine ambayo haibadilishi majibu ya maswali hayo mawili itakuwa imemfaidi aliyeiuza.